Mwavuli wa Kibonge

Fundi alikuwa mtu wa makochi. Ukimletea kochi lililozama katikati kana kwamba limekaliwa na tembo, alilivua kitambaa, akang'oa springi zilizokata tamaa, akalijaza sponji mpya, na ukirudi unalikuta limenyanyua kifua. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha tangu ujana wake. Lakini mtaani hakuna aliyemwita Fundi Makochi. Walimwita Fundi Roketi, na wengine walilitaja jina hilo huku wakizungusha kidole kando ya sikio, kuonyesha kwamba mzee huyu akili zimemruka.

Walikosea. Akili ya Fundi ilikuwa nzima kabisa. Iliyokuwa ikiondoka, kidogo kidogo na kwa siri, ni ya mkewe.

Kwanza nizieleze hizo roketi, maana wapo watu wakisikia neno hilo wanafikiria vita. Roketi za Fundi hazikumdhuru mtu. Alichukua bomba la karatasi ngumu, lile jembamba linalokuwa katikati ya jora la bitana, akaliwekea pua ya mti mwepesi kwa juu na mapezi ya plaiwudi kwa chini. Nyuma inaingia injini, kijipipa cha baruti iliyobanwa kinachonunuliwa tayari kiwandani, wala hakitengenezwi jikoni na mtu anayependa vidole vyake. Roketi inasimamishwa kwenye fimbo ya chuma, waya unavutwa hadi mbali, kitufe kinabonyezwa, nayo inapanda. Ikifika juu kabisa injini inapiga pumzi ya mwisho kwa ndani, pua inachomoka, na mwavuli wa kitambaa unatoka kuishusha taratibu. Mwavuli usipotoka, kazi yako yote inarudi ardhini kwa haraka kuliko ilivyoondoka.

Kuhusu ukubwa, Fundi alikuwa na msimamo wake na hakubishana na mtu. Zile ndogo, za urefu wa kalamu, alizidharau: unabonyeza, inasema fyuu, huioni tena, umebaki unakodolea jua macho. Zile kubwa zinazobebwa na wanaume watatu aliziogopa, maana zinataka vibali, na ikianguka moja juu ya paa la mtu itabidi uhame mji. Yeye alipenda za wastani. Unaibeba kwapani; ukiisimamisha inakufika kifuani; inapanda kiasi cha kukutia hofu na inarudi karibu kiasi cha kufuatwa kwa miguu. Alisema ukubwa huo ndio unaomfaa binadamu.

Alikuwa nazo kadhaa. Mwiba ilikuwa nyembamba na yenye pupa, ikiondoka kabla hujamaliza kukohoa. Bi Harusi ilikuwa nyeupe, na mapezi yake marefu yalijivuta nyuma yake. Ilipendeza machoni lakini ilikuwa na tabia mbaya ya kugeukia upepo na kukimbilia kwa watu wasiohusika. Na Kibonge, kipenzi chake. Kibonge ilikuwa nene, ya rangi ya chungwa, yenye mapezi manne mapana. Iliondoka kwenye fimbo polepole, kama mtu mzito anayenyanyuka kutoka kwenye kochi, ukapata nafasi ya kuiona yote, moshi na mapezi na kila kitu, kabla haijapungua na kuwa nukta. Fundi aliijenga mara tatu. Mbili za kwanza ziliishia kwenye mti na kwenye bwawa.

Miavuli ilikuwa kazi ya mkewe. Mtaa mzima walimwita Mama Pazia, kwa sababu hakukuwa na dirisha lenye heshima mtaani pale ambalo pazia lake halikupitia kwenye cherehani yake. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: upande wa kulia mifupa ya makochi, upande wa kushoto majora ya vitambaa, katikati meza ndefu waliyoigombania kwa miaka. Miavuli ya roketi aliishona kwa kitambaa cha miavuli ya mvua iliyokufa, akaifunga nyuzi imara, na kwenye makutano ya nyuzi akaweka kulabu ndogo ya chuma. Kulabu hiyo hutundikwa kwenye kipete ndani ya roketi, na isipotundikwa mwavuli na roketi havijuani.

Lakini si kushona tu. Kukunja ndiko kulikokuwa sanaa. Mama Pazia alitandaza mwavuli mezani, akaupapasa makunyanzi yote yakatoka, akaupaka poda ya mtoto usigande, akaukunja mara ya kwanza na ya pili, nyuzi akazipanga kwa kwenda na kurudi bila kupishana, akatanguliza pamba ya kuzuia moto, kisha akatundika kulabu. Ilisema tak. Hapo ndipo aliposogeza kiti nyuma na kudai chai yake.

Alikuwa na ulimi, mama huyo. Wanawake wenzake walipomuuliza anavumiliaje mume anayechezea vitu vya kuruka katika umri ule, alijibu, "Waume zenu wakitoka Jumamosi mnajua walipo? Mimi wangu akipotea natazama tu juu."

Jumamosi walikwenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambao lami yake ilikuwa imepasuka na nyasi kuota katikati. Huko kulikuwa na kikundi kidogo cha watu wa ugonjwa huo huo, kikiongozwa na Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fizikia na aliyeendelea kusahihisha kila mtu hata baada ya kustaafu. Kikundi kilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: mkono uliokunja mwavuli ndio unaotundika kulabu, na ndio unaofunga pua. Mtu mwingine haruhusiwi kugusa. Kanuni hiyo ilizaliwa siku ambayo watu wawili walisaidiana kufunga roketi moja, kila mmoja akaamini mwenzake ametundika, na roketi ikashukia boneti ya gari la Mwalimu. Tangu siku hiyo Mwalimu aliitangaza kila Jumamosi kabla ya roketi ya kwanza, na watu waliitikia kwa kuchoka, kama wanafunzi.

Na kanuni hiyo ndiyo Fundi alikuwa akiivunja.

Ilianza na mapazia. Mama Pazia alishona pazia la mteja maua yakiwa yameelekea chini, akalipeleka, akabishana na mwenye nyumba kwamba maua ndivyo yanavyoota. Watu walicheka. Halafu akaanza kumwita binti yao "dada", na kutafuta miwani aliyoivaa. Haya nayo watu wote hufanya, Fundi alijiambia, nani hasahau miwani. Lakini asubuhi moja, akiiandaa Mwiba, alihisi uzito wake si wake. Akaichomoa pua. Ndani hakukuta mwavuli. Alikuta soksi yake ya kijivu, imekunjwa vizuri, imepakwa poda, imetandikiwa pamba chini kama mtoto aliyelazwa.

Fundi alikaa kwenye kochi la mtu na kuishika ile soksi muda mrefu. Kisha akautafuta mwavuli, akaukuta kwenye kapu la nguo chafu, akaukunja mwenyewe jinsi alivyokuwa akimwona mkewe akifanya, akafunga pua na kunyamaza. Uwanjani Mwiba ilipanda, mwavuli ukafunguka, na Mama Pazia akapiga makofi.

"Mmeona?" aliwaambia watu wote kwa jumla. "Hawa wanaonong'ona kwamba nimechanganyikiwa, waje hapa waone kazi yangu."

Siku ile alirudi nyumbani akiwa mchangamfu, akatania, akakumbuka hata jina la mteja wa zamani sana. Fundi aliona. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia? Wiki iliyofuata mkewe alipokwenda kuoga, alichomoa tena, akakuta nyuzi zimefungwa fundo juu ya fundo, akazifungua na kukunja upya. Ikawa desturi. Yeye anakunja, mumewe anakunjua. Kila mwavuli ulifunguka, na kila uliofunguka ulimpa Mama Pazia ushahidi mpya dhidi ya dunia. Fundi aliuita huo upendo, na mimi sitambishia, maana ulikuwa upendo. Ila upendo nao huwa na ujinga wake.

Binti yao, mtoto wao pekee, alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Alikuja kwa sababu jirani alimpigia simu. Alikuta pindo la pazia la jikoni limeungua.

"Mama, jiko lilibaki linawaka na wewe ukatoka nje."

"Nani kasema?"

"Jirani."

"Huyo jirani ana macho marefu. Mwambie aje nimshonee pazia lake, apunguze kuchungulia kwa watu."

Binti alicheka, kisha akajifuta macho, na ilionekana wazi hayakuwa machozi ya kicheko. Akaeleza alichokuja nacho. Kule anakofanya kazi kuna nyumba ya kutunzia wazee wanaopotewa na kumbukumbu. Ni safi, ina bustani, wauguzi wapo mchana na usiku, na lango linafungwa. Nafasi imepatikana moja, na isipochukuliwa sasa atapewa mwingine. Baba hawezi kuhamia humo, wanapokea wagonjwa tu, lakini atakuwa anamtembelea.

"Mgonjwa nani?" aliuliza Mama Pazia.

Binti akamgeukia baba yake. "Baba, wewe unaishi naye. Sema ukweli. Huoni chochote?"

"Mama yako yuko sawa," alisema Fundi. "Anasahausahau kidogo tu. Hata mimi nasahau."

"Si umesikia?" Mama Pazia alisimama. "Mwanangu, hebu nikuulize. Kukunja mwavuli si kazi ya akili? Uzi mmoja ukipishana na mwenzake, kwisha habari. Tangu mlipoanza kuninong'ona, miavuli yangu imefunguka au haikufunguka? Muulize baba yako."

"Imefunguka," alisema Fundi. "Yote." Na kweli, yote ilifunguka.

"Basi lala hapa mpaka Jumamosi. Nitakunja mwavuli wa Kibonge mbele ya macho yako. Ikishuka salama, hiyo nafasi yako apewe mwenye shida, na neno hili lisirudi tena nyumbani kwangu. Ikianguka, nitafunga begi langu kwa mikono yangu mwenyewe, na sitaki mtu wa kunishika mkono."

Binti alikubali. Alijua roketi si kipimo cha hospitali, lakini alitaka mama yake akiondoka aondoke kwa hiari, asiburutwe. Naye Fundi alikubali haraka kuliko wote, kwa sababu katika mchezo huo karata zote alikuwa nazo yeye. Mkewe angekunja anavyojua, yeye angekunjua na kukunja, Kibonge ingeshuka taratibu, na wangeendelea kugombania meza yao mpaka kifo kiamue.

Jumamosi asubuhi Mama Pazia alikaa mezani, binti yake kushoto, mumewe akijifanya anapiga misumari kwenye mguu wa kochi. Alitandaza mwavuli. Akaupapasa. Akachukua poda, akanyunyiza, akapuliza ya ziada. Akakunja mara ya kwanza na ya pili. Nyuzi zikaenda na kurudi chini ya kidole chake, sawasawa, bila kupishana. Pamba. Halafu kulabu. Tak.

"Chai yangu iko wapi?" aliuliza.

Fundi alisahau nyundo hewani. Ilikuwa mikono ile ile ya zamani, ya mwanamke aliyemwoa, haikukosea popote. Kwa furaha akajifanya anatafuta msumari sakafuni ili wasimwone uso. Alijiambia huenda ugonjwa umerudi nyuma. Alijiambia Mungu ni mkubwa.

Hapa ndipo ninapotamani kumshika Fundi mabega na kumtikisa. Alikuwa ameona kwa macho yake! Angeiacha Kibonge pale ilipokaa, asingepungukiwa na kitu. Lakini mazoea yana taabu, na hofu ina taabu zaidi. Mkewe alipoingia ndani kubadili nguo, na binti akamfuata kumsaidia vifungo, Fundi alibaki peke yake na ile roketi ya rangi ya chungwa, na moyo ukaanza kumsumbua. Na kama kuna kitu hakukiona? Na kama uzi mmoja umepishana chini, kwa ndani? Siku zote hukagua. Leo, siku kubwa kuliko zote, ndiyo asikague?

Akachomoa pua. Akavuta mwavuli. Kulabu ilikuwa mahali pake. Akaitundua, kama alivyozoea, ili autandaze mwavuli mezani vizuri. Ukafunguka wenyewe mikononi mwake bila kukwama hata kidogo. Hapakuwa na kosa lolote. Sasa ikabidi aukunje upya yeye, na vidole vyake vilikuwa vizito, vya kuvuta ngozi za makochi. Poda alikumbuka. Pamba alikumbuka. Nyuzi alizipanga kwa uangalifu kuliko siku zote.

"Baba! Tunachelewa!" Binti alikuwa mlangoni, kitasa kinazunguka.

Fundi alisukuma kila kitu ndani, akabandika pua, akageuka na roketi kwapani huku akitabasamu kama mtu aliyekutwa na sukari mdomoni.

Uwanjani upepo ulikuwa mdogo. Mwalimu alitangaza kanuni yake, watu wakaitikia kwa uchovu wao. "Nani amekunja Kibonge?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Pazia kwa sauti ya watu wote kusikia. "Nani mwingine?"

Alibonyeza kitufe mwenyewe. Kibonge ikanguruma, ikajiinua kwenye fimbo kwa ule uvivu wake mtamu, ikapanda, ikapanda, moshi ukabaki umesimama nyuma yake. Watu waliziba jua kwa viganja. Juu kabisa ikasita. Kikasikika kishindo kidogo, na mwavuli ukatoka, ukajaza hewa, ukafunguka mviringo mzima bila kasoro.

"Umefunguka!" Mama Pazia alipiga makofi na kuruka kama msichana. Alimshika binti yake mkono. "Umefunguka! Umeona? Umeona, mwanangu?"

Ulikuwa umefunguka kweli. Lakini chini yake hapakuwa na kitu. Mwavuli ulielea peke yake, mwepesi, ukichukuliwa na upepo kuelekea kwenye miti, na upande mwingine kabisa Kibonge ilikuwa inashuka ikijipindua, pua ikining'inia kwenye uzi wa mpira unaoifunga na bomba. Mama Pazia alikuwa bado anapiga makofi iliposhukia lami. Mapezi mawili yaliruka huku na huku, na bomba likapasuka kwa urefu.

Mwalimu alitembea mpaka kwenye miti na kurudi na mwavuli mkononi. Aliigeuzageuza ile kulabu, nzima, haikupinda wala kukatika.

"Haikutundikwa," alisema kwa upole ambao si kawaida yake. "Si kitu, mama. Hata mimi imewahi kunitokea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Nilitundika," alisema Mama Pazia.

Hakuna aliyembishia, na hilo lilikuwa baya kuliko kubishiwa. Alinyanyua mikono yake na kuitazama. Vidole vikatundika kulabu isiyokuwepo kwenye kipete kisichokuwepo, mara moja, na mara nyingine tena. "Nilisikia tak," alisema. "Nilisikia." Kisha sauti ikapungua. "Au ilikuwa siku nyingine?"

Fundi alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, mabaki ya Kibonge mikononi. Alijua palepale. Aliiona meza, kulabu aliyoitundua kwa mkono wake, kitasa kinachozunguka. Mdomo wake ulifunguka, akamtazama Mwalimu, akawatazama watu, akaufunga. Aibu ilimshinda. Nasema aibu kwa sababu sina neno zuri zaidi la kumpa, na hata ningekuwa nalo nisingempa.

Nyumbani Mama Pazia alitimiza ahadi. Alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo. Alipanga kanga, akazitoa, akazipanga tena. Binti alikaa kitandani pembeni yake, hakumshika mkono, kama alivyoambiwa. Fundi aliingia akasimama karibu na mlango.

"Ni mimi," alisema.

Wote wawili walimtazama.

"Mwavuli niliukunja mimi. Mlipokuwa huku ndani mnafunga vifungo. Niliutoa, nikautundua, nikaukunja upya, nikasahau kutundika. Ulivyoukunja wewe ulikuwa sawa, mke wangu. Sawa kabisa. Usipange nguo."

"Baba," alisema binti kwa uchovu, "usimfichie. Hakuna anayemlaumu."

"Simfichii! Naapa. Ni kosa langu mimi."

"Kwa nini uutoe mwavuli ambao umemwona akiukunja sawa? Hiyo ina maana gani?"

Na hapo Fundi alinaswa. Ukweli nusu hauaminiki, na ukweli mzima ulikuwa na mkia mrefu. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshika blauzi nusu ndani ya begi nusu nje, na uso wake ulikuwa umeanza kung'aa kwa matumaini. Akaona akisema yote atamwokoa. Mjinga yule, aliamini hivyo.

"Kwa sababu miavuli yote huwa naikunja mimi," alisema. "Nimezoea. Kabla ya kwenda uwanjani huwa naitoa na kuikunja upya."

Binti alifunika uso kwa viganja. "Mficha maradhi, baba," alisema kutoka nyuma ya viganja, na hakuimalizia methali.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Pazia.

"Muda kidogo."

"Ule wa Bi Harusi, uliotua karibu na miguu yangu mpaka Mwalimu akanipa mkono?"

"Huo pia."

"Na Mwiba, siku ya mawingu? Ile siku niliyowaambia wote waje waone kazi yangu?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali.

"Ulikuta nini ndani?"

"Mke wangu, yameshapita hayo."

"Nakuuliza ulikuta nini ndani."

"Soksi."

Mama Pazia alikaa kitandani. Hakulia. Binti alinyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Alionekana kama mtu anayehesabu kitu kichwani na kila akifika mahali hesabu inamponyoka, lakini safari hii alishikilia mpaka akafika mwisho.

"Kwa hiyo yote ile haikuwa yangu."

"Leo ilikuwa yako," alisema Fundi haraka. Alipiga magoti mbele yake, mzee mzima. "Leo ulikunja bila kosa lolote. Niliona kwa macho yangu. Ungefunguka na Kibonge ingeshuka. Mwambie mtoto, leo ulikuwa mzima."

"Leo nilikunja sawa," alisema Mama Pazia polepole, "ukaona nimekunja sawa. Na bado hukuniamini."

Mama Pazia aliinuka, akaingiza blauzi yote ndani ya begi na kuvuta zipu. Fundi aliposhika mpini wa begi ambebee, mkewe aliuvuta upande wake bila ugomvi, akampa binti. Gari lilipoondoka Mama Pazia alikuwa amekaa kiti cha mbele, uso mbele, na mtaa mzima ulimwona. Jirani mwenye macho marefu alilia kuliko wote.

Sasa Fundi humtembelea kila wiki. Nyumba ile ni kama binti alivyoieleza: safi, ina bustani, lango linafungwa. Mama Pazia amepoteza vingi. Siku hizi humwita binti yake "nesi", na mumewe kuna siku anamchukulia kama fundi aliyekuja kurekebisha viti, akamwonyesha kiti kinachoyumba. Fundi hukirekebisha. Wauguzi wamegundua kwamba mikono yake haitulii bila kazi, kwa hiyo kila asubuhi humletea taulo za nyumba nzima, naye huzipapasa, huzikunja, huzipanga. Nyingine hukaa sawa. Nyingine huwa fungu tu lililoviringishwa.

Juzi Fundi alikaa karibu naye, na akaona taulo moja imeviringishwa vibaya, inakaribia kuanguka mezani. Akanyoosha mkono aidake. Mama Pazia aliivuta kwa haraka, akailaza kifuani na kuikumbatia kwa mikono yote miwili. Akamtazama mumewe usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ilionekana wazi kwamba anajua kabisa huyu ni nani.

"Usiguse," alimwambia. "Wewe utazikunja upya."